Nyumba Nimejenga Mimi, Kikombe Nimepewa cha Wageni

Leo nimekaribishwa kwangu kama mgeni.

Nimerudi kutoka kazi Doha, kabisa, sirudi tena. Nyumba nilijenga Subukia kwa pesa za huko, kwa shamba la marehemu baba, akiwa bado hai.

Asubuhi, kabla ya kufika nyumbani, nilimpelekea wakili wa Nakuru picha za ujenzi, msingi hadi mabati. Akazitazama kwa heshima, kama picha za harusi ya mtu mwingine.

"Dada, hati ya shamba ina jina la nani?"

"La kaka. Baba alimwandikia kabla ya kufariki."

"Basi na nyumba ni yake. Mngeandikiana mkataba na mzee kabla ya kujenga."

Kuandikiana na babangu! Nani huku hufanya hivyo?

Nikaendelea na safari hadi Subukia. Kaka hana ubaya, hata alinibebea begi. "Karibu sis, tumekutandikia chumba cha wageni."

Mama naye akaviacha vikombe vya kila siku, akanitolea kile cha maua. Cha wageni.

Hivyo vya maua nilivituma mimi kutoka Doha, nimevifunga kwa blanketi visivunjike njiani. Havikuvunjika hata kimoja.

Akanimiminia chai, akatabasamu.

"Sasa mwanangu, unarudi kazi Doha lini?"

Nyinyi mnaofanya kazi nje ya nchi, mngemjibu nini?