Tezi Moja Ndani ya Mafuta ya Kwapa

Siku yangu ya kwanza katika maabara ya patholojia mjini Kisumu, Daktari Mkuu alinikabidhi kisu na sahani, akasema, "Hapa hatutibu mtu, Bwana. Tunasema ukweli tu." Niliazimia kuusema kuliko wote. Lakini Achieng, niliyeajiriwa pamoja naye, alinizidi tangu mwanzo, nami ningali namwonea wivu.

Vijana wafahamu kwamba saratani huanza na seli moja iliyoharibika maagizo yake ya urithi, ikaendelea kugawanyika bila kutii amri ya kukoma. Maadamu imezuiwa na utando mwembamba ulio chini yake, bado haijasafiri. Ikiutoboa, huweza kuingia katika damu, ikafika mapafuni, kwenye ini au mifupani. Au huingia katika mishipa ya limfu, yaani njia za majimaji ya mwili, ikatua kwenye tezi za jirani. Tezi za jirani na titi zimo kwapani, zimefichwa na mafuta, nyingine ndogo kama punje ya mchele. Sisi tulizitafuta kwa vidole.

Zililetwa nyama zilizokatwa kwa upasuaji titini na kwapani mwa mama mmoja, muuza mchele katika soko la Pap Onditi. Tezi zote nilizozipata zilikuwa safi. Kama saratani haikufika kwapani, angerudi sokoni bila dawa kali. Hata hivyo, kanuni yetu ilikataza kutupa mafuta kabla hayajapita mkono wa pili.

"Mzee wa vitabu, leta hiyo mafuta," Achieng akasema.

"Nimemaliza."

"Umemaliza kusoma. Kupapasa bado."

Akafumba macho, akaminya mafuta taratibu, kama mama anayemtolea mtoto miiba ya samaki. "Hii hapa. Kadogo, lakini kagumu."

Nilitamani iwe safi, kwa ajili ya yule mama na, zaidi, kwa ajili yangu. Chini ya darubini, seli za saratani zilikuwa zimeijaza.

"Mama aanze dawa," Daktari Mkuu akaamua. "Na mafuta yote sasa yapitie kwa Achieng."

Yule mama alipona. Alipotuletea mchele wa shukrani, aliuliza, "Vidole vilivyoipata ile tezi ni vya nani?" Wote wakamtazama Achieng.

Nimestaafu, naishi mtaa wa Migosi. Jana nilimtolea mjukuu wangu miiba ya samaki aina ya ngege, polepole, macho nimeyafumba. Akatafuna, akasita, akachomoa mwiba ulimini.

"Babu, umeacha moja. Nyanya haachangi."

Nikasukuma sahani upande wa Achieng, mke wangu, nisiweze kumtazama vidole.