Sakafu Tatu na Goti la Binti Yangu

Vyuo vikuu vitatu vilimtaka binti yangu acheze mpira wa kikapu, na alipaswa kuchagua kimoja kabla ya Ijumaa. Nilipanga safari ya siku mbili kutoka kwetu Etobicoke, hapa Kanada, tukavione viwanja vyao vya ndani. Niliandika kilomita, saa za kufunguliwa milango na maswali kumi na moja. La kwanza lilihusu sakafu. Goti lake la kushoto lilipasuliwa mwaka juzi, na tangu hapo nimesoma kila nilichopata kuhusu mbao za viwanjani na raba zinazowekwa chini yake kupunguza kishindo.

Kisha mke wangu akamwalika kaka yake.

Shemeji ana shahada mbili. Mimi niliishia kidato cha nne, mengine nimejisomea. Njiani yeye na mpwa wake walizungumza Kiingereza cha haraka kuhusu mabweni na makocha. Mimi binti yangu hunijibu neno moja moja. Nilishika usukani nikihesabu vicheko vyao.

Kila uwanja nilivua viatu, nikaingia kwa soksi na kuruka mara tano mahali pamoja.

"Shemeji, huu si msikiti!" kaka wa mke wangu alipaza sauti mbele ya kocha. "Au umeshaona kibla?"

Binti yangu alicheka hadi akashika mbavu. Kwetu shemeji ana haki ya kunitania, na anayekasirika ndiye anayeaibika.

"Wewe umesoma," nikamjibu, "mbona kitambi hakikufaulu?"

Wakacheka tena, wameegemeana wao wawili.

Uwanja wa tatu ulikuwa wa chuo alichosoma shemeji. Alimwonyesha mpwa wake jukwaa alilokuwa akikaa na nguzo waliyokuwa wakiigonga timu ikifunga. Walitaka picha; nikawapiga. Nilimwonea wivu, sina neno laini zaidi. Shahada naweza kuzivumilia. Lakini yeye alikuwa na mahali pa kunyooshea kidole na kumwambia mwanangu, "Mimi nilikuwa hapa."

Niliruka mara tano. Sakafu ilibonyea kidogo, ikanirudisha polepole. Zile mbili za kwanza zilikuwa ngumu kama saruji. Niliruka tano nyingine, nikitumaini nimekosea.

Kwenye maegesho binti yangu alinifuata peke yake.

"Baba, sakafu ipi nzuri kwa goti?"

Ningeweza kutaja ile ya kwanza, dakika arobaini tu kutoka nyumbani. Hakuna ambaye angehakiki.

"Hii," nikasema. "Ya kwa mjomba wako."

"Kweli?"

"Nimeruka mara kumi."

"Basi nakuja hapa," alisema, akakimbia kumwambia mjomba wake. Shemeji akainua mikono yote miwili kama aliyefunga yeye.

"Si nilisema! Shemeji, karibu chuoni kwetu!"

Nilifungua buti la gari, nikaanza kupanga mabegi ambayo yalikuwa yamekwisha kupangwa.