Nilivyoposa Tororo kwa vitenzi ambavyo Wafaransa wenyewe wameviacha

Wakuu, salamu kutoka mpakani, Busia upande wa Kenya. Haya yalinitokea mimi mwenyewe, na wapo walioshuhudia ambao husoma humu kimya kimya bila kuchangia. Kwa hiyo siwezi kuongeza chumvi hata nikitaka.

Mimi ni mtu wa miaka arobaini na kitu. Shule niliishia form four. Baada ya hapo nikapanda malori kama taniboi, msaidizi wa dereva, na barabara ikanimeza. Bunia, Beni, Bukavu, Bujumbura, Juba. Kila mji nilikaa kidogo, nikaupenda, nikauacha. Hadi leo nikisikia harufu ya dizeli asubuhi yenye ukungu, moyo unarudi Beni. Huo ndio ugonjwa wangu.

Siku hizi nashona maturubai ya malori hapa Busia. Ni kazi inayonifaa. Siyafuati tena malori, yanakuja yenyewe.

Upande wa pili, Busia Uganda, kuna mama anauza vitenge, anaitwa Espérance. Ni Mkongo wa Bunia. Nilikwenda kununua kitenge cha dada yangu, nikamsalimia kwa Kifaransa cha safarini, akacheka. Nikarudi kununua kingine. Dada yangu alipata vitenge vingi mwaka ule.

Tukakubaliana. Lakini akaniambia wazi kwamba bila neno la baba yake haolewi.

Baba yake anaishi Tororo mjini, kwenye chumba cha kupanga, mlango unatazama ule mwamba mkubwa wa Tororo. Kila mtu anamwita Mwalimu, maana alifundisha Kifaransa Bunia maisha yake yote kabla ya vurugu za kule kumsukuma huku.

Siku ya kwanza nilikwenda na Espérance, nikaingia kwa kujiamini. Nikamwaga Kifaransa changu chote, nikamhesabia na miji niliyokaa, nikidhani namfurahisha. Alinisikiliza amefumba macho.

"Weye unasemaka Kifaransa ya madereva," akasema. "Ni nzuri ya kuulizia mafuta. Mtoto yangu haiko mafuta."

Espérance alinisindikiza hadi kwenye pikipiki.

"Shida yake siyo Kifaransa," akaniambia. "Ni ile miji. Anasema mtu wa miji mingi hivyo, siku moja lori litanguruma nje naye atavaa viatu."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nauza nguo. Kitambaa cha kuchuja nakijua kabla hakijafuliwa. Lakini yule ni baba yangu, na hana mwingine."

Nilirudi Busia nikiwaza. Jumamosi iliyofuata nikaenda tena Tororo, peke yangu, na samaki wa kukaushwa kutoka Majanji. Mwalimu akapokea samaki. Kisha akauliza kama ninajua subjonctif imparfait.

Nikasema sijui.

Akachukua chaki, akafunga mlango wake wa bati, akaanza kuandika upande wake wa ndani kama ubaoni.

Wakuu, ngoja niwaeleze hiyo kitu, si ngumu kama jina lake. Sisi tunasema "nataka uje", na ya jana tunasema "nilitaka uje". Neno "uje" halibadiliki. Mfaransa wa zamani hakuridhika na hilo. Akitaka leo atasema que tu viennes. Alitaka jana, que tu vinsses. Matakwa yakipita, kitenzi nacho kinavaa nguo nyingine. Kila kitenzi, na kila nafsi.

Mfaransa wa leo amechoka nayo, haisemi tena. Utaikuta kwenye vitabu vya zamani tu.

"Sasa Mwalimu, ya nini kujifunza hiyo?" nikamuuliza.

Alinitazama kama nimemuuliza ya nini kunawa mikono.

"Pale Bunia tulikuwa walimu watatu," akasema. "Jioni tulikuwa tunaongea hivi, tunacheka. Mumoja alikufa. Mwingine sijui iko wapi. Hapa Tororo majirani ni watu wazuri, wananisalimiaka na Kijopadhola chao, wananipa mihogo. Lakini hakuna wa kumwambia que je fusse."

Hapo nilimwelewa kuliko alivyodhani. Mtu aliyetembea anajua kubeba kitu cha kwao ambacho hakuna anayekitaka alikofika.

Basi nikawa mwanafunzi. Kila Jumamosi napiga pikipiki hadi Tororo, nakaa kwenye stuli, Mwalimu anaandika mlangoni. Mtu akibisha hodi, inabidi somo lisubiri mlango ufunguliwe na ufungwe tena. Que je donnasse, que tu donnasses, qu'il donnât. Nikikosea alikuwa haniambii nimekosea. Anapuliza tu vumbi la chaki kwenye vidole na kusubiri.

Wiki nzima nilikuwa nafanya mazoezi nikishona. Na niwaambie, que nous donnassions, que vous donnassiez inafuata vizuri sana mdundo wa cherehani. Madereva wakaanza kuulizana kama nimeokoka. Mmoja alivua kofia kabisa, akadhani nanena kwa lugha.

Habari ya binti yake hatukuigusa hata siku moja. Msimu wa mahindi ukapita, ukaja mwingine. Espérance akawa ananitania: "Unanioa mimi au unamwoa papa?" Mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kujiuliza.

Halafu Jumamosi moja, akifuta mlango kwa kitambaa, Mwalimu akasema bila kugeuka, "Leta wazee yako."

Sasa hapa ndipo shida ilipo, wakuu, na kosa lilikuwa langu la kutofikiria.

Sisi Wasamia, siku ya kupeleka posa, kijana hafungui mdomo. Anakaa, anaangalia sakafu. Anayesema ni mzee wake. Kwangu mzee huyo ni Baba mdogo Wandera, kwa kuwa baba yangu alishafariki. Baba mdogo ni mtu wa heshima na ana hasira za karibu. Akishachukua kofia yake mkononi, ujue kikao kimekwisha. Nimewahi kuona posa ya binamu yangu ikifa hivyo, kwa sababu ya mtu kucheka vibaya.

Tukafika Tororo na wazee watatu. Chumba kikajaa. Akina mama wa majirani walikuwa upande wa jiko, nyuma ya pazia, Espérance akiwa nao.

Baba mdogo aliongea vizuri sana. Akaeleza ukoo wetu, akaja kwenye ng'ombe kwa kuzunguka, kama inavyotakiwa.

Mwalimu akasikiliza hadi mwisho. "Asante wazee. Sasa nataka kusikia yeye mwenyewe."

"Mzee mwenzangu," Baba mdogo akasema, "kwetu kijana hasemi siku hii. Anayejisemea ni kama jogoo anayejipeleka sokoni."

"Na kwetu, mwanaume wa kunyamaza anafichaka kitu."

"Hafichi. Ameheshimu."

"Heshima ya nani? Mtoto ni yangu."

Baba mdogo akachukua kofia.

Nilitazama sakafu hadi nikajua nyufa zake zote. Nikisema, nimemwaibisha mzee aliyenilea, ataondoka na wazee wake. Nikinyamaza, nimempoteza Espérance. 

Mwalimu naye aliiona kofia. Akakuna kidevu.

"Sawa," akasema. "Bwana arusi anyamaze. Lakini leo ni Jumamosi, na Jumamosi niko na darasa. Mwanafunzi yangu iko hapa. Kwenu Busia mnakatazaka mwanafunzi kujibu mwalimu wake?"

 Baba mdogo aligeuza ile kofia, akaangalia ndani yake.

"Hapana," akasema mwishowe. "Mwanafunzi lazima ajibu. Asipojibu achapwe."

Wazee wakacheka. Mwalimu akaniambia, "Simama."

Nikasimama mbele ya watu wazima kama mtoto wa darasa la pili.

"Verbe partir."

"Ndiyo nini hiyo?" mzee wetu mmoja akanong'ona.

"Kuondoka," nikamjibu.

Mwalimu akapunga mkono. "Hapana, acha. Kuondoka anaijua sana uyu. Tupe rester."

Nikawatafsiria wazee wangu: kubaki. Hapo hakuna aliyecheka.

"Que je restasse," nikaanza. "Que tu restasses. Qu'il restât. Que nous..."

Nikakwama.

Sikuwa nimesahau, wakuu. Hiyo nilikuwa naijua hata usingizini. Ila nous ni "sisi", na nilipoitamka mbele ya watu wote wale nikasikia nilichokuwa nasema. Sijawahi kubaki popote na mtu nikaita "sisi".

Mwalimu akapuliza vidole vyake, ingawa siku hiyo havikuwa na chaki.

"Restassions," sauti ikatoka nyuma ya pazia. Ilikuwa imechoka, kama ya mtu anayemrekebisha mteja bei.

Mwalimu akageukia pazia. "Nani amekuuliza weye? Tangu utoto ulisemaka unaichukia."

"Naichukia bado, papa. Lakini chakula kinapoa."

Jiko zima likaangua kicheko, kisha chumba kizima. Baba mdogo alicheka hadi akapangusa macho. Nikamalizia zilizobaki, vous na ils, lakini sidhani kama kuna aliyenisikia isipokuwa mwalimu wangu. Midomo yake ilikuwa inatembea pamoja na yangu.

"Assis," akaniambia. Kaa. Kisha akamgeukia Baba mdogo. "Sasa tuongee ng'ombe."

Tukirudi, Baba mdogo aliniuliza kama ile ilikuwa sala ya Kikatoliki. Nikamwambia inakaribiana.

Kuna watu wataniuliza nimefaidi nini. Kazini haijanisaidia kitu, na dereva wa Goma nikimwambia que vous vinssiez ananiangalia kama nimeugua. Lakini nilichojifunza ni kwamba ukitaka kumjua mtu aliyepoteza kwao, usimwulize habari za vita. Muulize nini alikuwa anakifurahia jioni, kisha ukae ufundishwe, hata kama hakina faida. Mimi nilidhani nalipa kwa zile Jumamosi, kumbe nilikuwa napewa.

Mwezi uliopita rafiki alinipigia, kuna lori linakwenda Juba linatafuta mtu. Sitawadanganya, usiku ule niliiona barabara yote, hadi mabonde. Asubuhi Espérance akaniuliza kama nitakwenda. Nikamwambia haiwezekani, Jumamosi baba yako anaanza vitenzi vya kundi la tatu.

Akasema sawa, basi nipitie sokoni nichukue vitunguu.

Haya wakuu, uwanja ni wenu. Waliooa kwa watu wenye mila tofauti na za kwao, mlivukaje? Na kama yupo humu anayeongea hiyo subjonctif imparfait, aniandikie. Kuna mzee Tororo atafurahi sana kupata mtu wa tatu.