Ngedere wa Kwenye Kona

Fundi pancha wa pale kwenye kona watu walimwita Kiraka, na hata mkewe alishasahau kumwita jina jingine. Banda lake lilikuwa barabarani kabisa, pale lami inapokata msitu vipande viwili, na magari yakifika hapo huwa yameshapandwa na wazimu wa mteremko. Kilichogongwa, yeye ndiye wa kwanza kukiona: nungunungu, kanu, paa. Aliye hai alimfunika koti lake la kazi, akawapigia simu watu wa wanyamapori. Aliyekufa alimvuta pembeni, kisha akapiga simu vilevile, akaeleza ni mnyama gani na yuko upande gani wa barabara.

"Shemeji, mumeo siku hizi ni mkuu wa mazishi," majirani walimtania mkewe.

"Afadhali yeye anayezika kuliko nyinyi mnaouliza kama nyama bado mbichi."

Mchana mmoja wa jua kali, lori lilimpitia ngedere jike. Kiraka alikuwa anajaza upepo tairi la mteja mwenye haraka; akaliacha, akatoka mbio. Ngedere alikuwa amelala kifudifudi, ameshakata roho, na mbwa wawili wanamnyemelea. Akawafukuza, akamburuta hadi majanini, akamfunika gunia na kulikandamiza kwa mawe pande zote. Ndipo akapiga simu.

"Huyu amekufa," alisema. "Msijisumbue kukimbia, hakuna wa kuokoa."

Basi hawakukimbia. Walifika kesho yake asubuhi. Daktari wa wanyama, mama mmoja mpole, aliinua gunia, akamgeuza ngedere chali. Kifuani kulikuwa na kitoto kidogo kama kiganja, vidole vimeng'ang'ania manyoya ya mama yake. Hakikuwa na jeraha hata moja.

"Kilikufa palepale, daktari?" Kiraka aliuliza.

Daktari angeweza kumdanganya. "Hapana, kaka. Joto, na kukosa hewa." Akakifunika kwa kitambaa. "Wengi hawajui kwamba inabidi kumgeuza mama. Wewe angalau unapiga simu."

Kiraka aliitikia kwa kichwa. Maneno yale ya kumfariji yalipita sikio moja, yakatokea la pili.

Jioni chakula kilipoa mbele yake. Mkewe alimsubiri mpaka akasema mwenyewe.

"Nilikisikia, mke wangu. Naweka jiwe la mwisho, nikasikia kitu kinalia kama vali inayovuja. Nikadhani ni lile tairi nililoliacha."

Mkewe hakumwambia ni mapenzi ya Mungu, wala hakumwambia asahau. Alisogeza kigoda, akakaa karibu naye.

Kazi ile hakuiacha. Ila sasa kila anayemkuta amekufa humgeuza kwanza, akampapasa tumbo na kifua taratibu, huku madereva wakimpigia honi aondoke njiani. Haondoki mpaka amalize. Mpaka leo hajakuta kitoto hai hata kimoja.