Siku Kanisa la Mururu Lilipomngoja Bibi Arusi

Juzi nilipanda Mururu, upande wa Rwanda, kwa pikipiki, nikalikuta kanisa letu la Wamethodisti limekuwa la matofali, lina vigae na vipaza sauti. Nilisimama mlangoni kama mgeni. Laiti ungeliona, rafiki yangu, lilipokuwa miti ya mikaratusi na turubai! Kila Jumamosi sisi watoto tulikata nyasi mbichi tukazitandaza sakafuni, na Jumapili watu walisali huku harufu ya kilima ikiwapanda puani.

Vita vilikuwa vimepita. Kushoto walikaa waliobaki, kila mmoja na makaburi yake, wakiimba Kinyarwanda. Kulia tulikaa sisi tuliorudi kutoka Kongo, na Kiswahili chetu. Tulisalimiana vizuri, lakini hakuna aliyevuka katikati.

Kisha mwalimu wa kwaya, mtu wa kushoto, akachumbia binti wa Bukavu, upande wa Kongo. Asubuhi ya arusi bibi yangu, koko, alikaanga sambaza, vidagaa vya ziwani, akina mama wakapika ndizi na maharage. Mara ng'ambo ya mto Rusizi mizinga ikaanza kunguruma, mizito, kama milango inayofungwa mbali. Mtu mmoja akaja mbio kutoka mtoni.

"Banafunga mupaka! Hakuna muntu anapita!"

Bwana arusi akaketi kwenye nyasi na suti yake. Mchungaji alimuuliza tufanye nini. Ndipo jirani yetu mjane, ambaye hatukuwahi kumsikia akiimba, akainuka upande wa kushoto, akavuka, akaketi karibu na koko.

"Tumungoje," alisema. "Mimi ninajua kungoja bantu benye habatarudi. Uyu anaweza kuja."

Akaanzisha wimbo. Tuliufuata, kila mtu kwa lugha yake, sauti moja. Tuliimba mpaka jua likawa la manjano juu ya migomba, na mimi nikasinzia, nikaamka, bado wanaimba.

Jioni mpaka ulifunguliwa kidogo. Watu wakapanda kilima na magodoro kichwani, na kati yao bibi arusi, pekupeku, gauni lake limefungwa kwenye kitenge, mgongoni mtoto aliyemwokota njiani.

"Mutusamehe, tumechelewa," alisema.

Koko akacheka huku akilia. "Ingia, mwanangu. Chakula iko. Na bale bote baingie."

Mchungaji aliwafungisha ndoa mtoto yule akiwa amelala mapajani mwa mjane. Wakimbizi walikula arusi yetu yote, na kuanzia Jumapili iliyofuata sijui tena nani alikuwa wa upande gani.

Koko ameshazikwa, mjane pia. Ng'ambo kulipotulia, maarusi walivuka kwenda kumtafutia mtoto mama yake, kisha vita vikawaka tena. Hatukusikia habari zao. Hata leo, kila ninapovuka daraja kwenda Bukavu, ninatembea polepole, nikiwaangalia usoni wanawake wa umri wa bibi arusi yule.