Mstari Mmoja wa Dili

Siku hiyo siisahau, mwanangu. Wewe uliyeolewa na kijana wangu juzi, ukitaka kunicheka, cheka tu. Nilikuwa na miezi mitatu hapa Kisian, bado napika jikoni kwa mama mkwe, maana kwetu mke mpya hapewi meko yake mpaka mama wa boma aridhike. Nami niliyataka hayo meko!

Mama alikuwa amepikia Wahindi mjini miaka mingi, akarudi na mbegu za dili, yale majani membamba yenye harufu tamu. Alipanda mstari mmoja tu nyuma ya jikoni. Basi wiki hiyo malaria ikamlaza, chakula hakipiti. Akaniambia labda angejaribu mchuzi wa ngege, yule samaki wa ziwani, wenye dili kidogo.

Kidogo, alisema. Mimi na kiherehere changu nikang'oa mstari wote na mizizi yake, nikatia magadi, nikachemsha saa nzima kama mboga ya mrenda. Nilidhani ikiwa nyingi atapona haraka. Ngege wa watu akageuka uji wa kijani. Mama akaonja, akaweka kijiko chini, akauliza kama kuna dili iliyobaki. Nikamwambia hakuna. Aki, nilitamani ardhi inimeze.

Hakunifokea. Aliniita binti wa kwetu Usenge, kama wake wa hapa wanavyoitwa. "Nyar Usenge, mapenzi unayo. Lakini mbona hukuniuliza?"

Kesho yake alijikokota nje, akakuta mche mmoja umejiotea kando ya banda la kuku. Akanionyesha: chuma majani ya chini, uyatie sufuria ikishashuka motoni, na mche wenyewe uuache mpaka utoe mbegu. Nikapika upya. Alikula sahani nzima, nami nikalia kwa furaha.

Jana nilikuona nyuma ya jikoni kwangu, kisu mkononi, unaitazama dili na huniulizi. Nilikuhurumia sana. Usiniogope, mwanangu. Mimi nilitaka kuonekana najua, nikamharibia mgonjwa chakula pekee alichokitamani. Wewe uliza, hata mara kumi kwa siku. Shika mbegu hizi, uzao wa mche ule ule. Mungu akupe moto usiozimika na watu wa kuwapikia mpaka uzeeke kama mimi. Na yale mawe matatu pale mlangoni kwako ni ya meko yako, nimeyachagua mwenyewe.