Supu Isiyokuwa Yangu

Mimi ni mtu wa supu. Asubuhi bila supu hunipati. Utapata mwili tu. Kabla sijafika karakana ninakochomelea mageti hapa Kihonda, lazima nipite kibandani, nikamulie ndimu kwenye bakuli, nikate chapati, nijifute jasho la puani. Mke wangu husema siku nikifa nizikwe karibu na sufuria, nami sijawahi kumbishia. Nayasema haya mapema ili ukifika kwenye kosa langu unihurumie kidogo.

Mtoto wetu wa kwanza alipozaliwa, mama mkwe alishuka kutoka Uluguru siku ileile tuliyorudi nyumbani. Alikuja na kikapu cha ndizi na pilipili manga, na kuku wawili waliofungwa miguu. Sasa, mimi na yeye hatukuwa watu wa kuzungumza. Siyo ugomvi, ni heshima. Mtu hakai na mama mkwe wakatazamana. Shikamoo naitoa nikiwa mlangoni, macho chini, naye anaitikia marahaba akiutazama ukuta. Akiwa na neno la kuniambia, humwambia mtoto.

"Mjukuu wangu, mwambie baba yako mkaa umekwisha."

Mjukuu mwenyewe alikuwa na siku mbili duniani, na tayari kapewa kazi ya utarishi.

Kazi yake halisi, ya kunyonya, ilikuwa inamshinda, wala halikuwa kosa lake. Maziwa yalikataa kutoka. Alishika titi, akavuta, akaliachia, akalia, na kila mara kilio kilikuwa kidogo kuliko cha mwanzo. Huko kupungua ndiko kulikoniogopesha. Nesi alisema mama anywe vya moto kwa wingi, amweke mtoto titini mara kwa mara, na kama hadi kesho jioni hali ni ileile, tumrudishe haraka. Mke wangu aligeukia ukutani akalia kimyakimya. Mama mkwe alichukua kisu. Alitoka uani akamchinja kuku wa kwanza, akambandika jikoni jioni nzima kwa moto mdogo.

Asubuhi nilipoamka nilikuta sufuria imekaa juu ya makaa, imefunikwa. Mama mkwe alikuwa ndani akimwogesha mtoto. Nikafunua. Jamani! Supu imetulia, mafuta ya njano yanaelea, tangawizi inapiga hadi kisogoni, na katikati yake firigisi nzima.

Firigisi ndiyo iliyonimaliza. Kwetu Singida firigisi haiguswi na mwingine. Ni ya baba mwenye nyumba. Tena kwetu, mkwe akiheshimiwa, huchinjiwa kuku. Nikawaza: mama huyu haniangalii, hanisemeshi, kumbe moyoni ananithamini kiasi hiki! Machozi yalinilenga. Nikatafuna firigisi. Nikanywa bakuli la kwanza kwa shukrani, la pili kwa furaha, la tatu kwa mazoea. Nyama sikuigusa, maana mimi ni mtu mwenye adabu.

Mama mkwe akatoka na bakuli tupu mkononi, mtoto begani. Akafunua sufuria. Kuku alikuwa amebaki peke yake mle ndani, mkavu. Mama akanitazama midomo, iliyokuwa bado inang'aa mafuta. Kisha akamwambia mtoto, polepole:

"Mjukuu wangu, kumbe na baba yako naye amejifungua."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Ilikuwa supu ya mzazi. Nilikuwa nimeiacha nyama, ambayo haikuwa na haraka na mtu, nikanywa kile ambacho mwanangu alikuwa anakisubiri. Niliona aibu, halafu nikaona hofu, na hofu ilikuwa kubwa zaidi.

Kazini sikwenda. Nilimkamata kuku wa pili mwenyewe, nikamchinja, nikamnyonyoa. Mama mkwe akaketi mkekani, mtoto mapajani, akaanza kunifundisha kupika kupitia kwa mjukuu.

"Mwambie baba yako maji yamfunike tu. Kuku hajaja kuogelea."

Nikapunguza maji.

"Mwambie aengue povu, asilikoroge."

Nikaengua. Nilipoona mambo yanachelewa nikaanza kupepea makaa kwa nguvu.

"Mwambie anapika supu, hachomelei geti."

Nikaacha kupepea. Kuku wa mlimani amezoea kupanda na kushuka, haivi kwa vitisho. Mtoto alipopelekwa ndani kwa mama yake alilia kidogo akanyamaza, akalia tena, nami nikazunguka jiko nisijue pa kuweka mikono. Kila nilipotaka kuonja, mkono ulirudi wenyewe. Siku hiyo sikuonja hata tone.

Adhuhuri mke wangu akanywa bakuli moja, akanywa la pili, jasho likamtoka. Akamweka mtoto titini. Mtoto akavuta, akaachia, akalia. Mama yake akamrudisha. Hivyo hivyo mpaka alasiri, sote watatu tukimkodolea macho yule mdogo. Halafu kikasikika kisauti: anameza. Kimya kidogo, anameza tena. Mke wangu akaniangalia, mdomo wazi. Niliegemea kizingiti nikalia, mtu mzima mwenye ndevu zangu, wala sikujali nani ananiona. Wapo watakaosema maziwa yangekuja tu, kwa supu au bila supu. Inawezekana. Waende wakabishane na mama mkwe wangu.

Mtoto alinyonya mpaka vingumi vyake vikafunguka, akalala fofofo. Mama mkwe akampokea, akamlaza, akafuta bakuli kwa kidole akalamba. Akafungua kinywa kusema neno. Akamtazama mjukuu, akaona tarishi hana habari na mtu. Akasita. Kisha akainua macho akanitazama mimi, usoni kabisa.

"Mwanangu," akasema, "chumvi ulisahau."